Tashkent siku tatu: nile wapi?

Jamani, mimi nauza vitambaa hapa Kisenyi, Kampala. Mwezi ujao nitakuwa Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, siku tatu. Pilau yao naisikia tu. Niende wapi, na saa ngapi?

JIBU: Kaka, nenda Besh Qozon, mkahawa wa pilau karibu na mnara wa televisheni. Nenda mchana, usingoje jioni. Mimi mahali pengine nilifika saa kumi nikakuta wanasugua masufuria. Karafuu na mdalasini zetu zisahau: ni bizari nyembamba, kondoo, karoti zilizokatwa vijiti, na vitunguu saumu vizima, ukikibonyeza kimoja kinatoka laini kama siagi. Mafuta nayo, mama yangu! Ndiyo maana wanashushia chai ya kijani isiyo na sukari. Hiyo ilinishinda.

JIBU: Soko la Chorsu pia, lenye kuba la buluu. Samsa ni sambusa yao, ila haikaangwi, hubandikwa ukutani mwa tanuri. Iume taratibu. Shati langu ni shahidi.

MUULIZAJI: Asanteni. Na nyama ya farasi je?

JIBU: Wanaiita qazi, soseji ya farasi, vipande juu ya pilau. Hutaki? Sema mapema.