Guantanamo: mjusi analindwa na sheria, mtu aliyekamatwa Mombasa kasota miaka 17!

Wakuu, nimelala na hasira nimeamka nazo, bora nizitapike hapa.

Jana barazani, kikombe cha kahawa mkononi, jamaa mmoja anayejifanya msomi wa sheria ananiambia bila haya: "Katiba ya Marekani ni ya Wamarekani. Wale wa Guantanamo si raia na wala hawako Marekani, wanadai nini?" Na wenzake wanaitikia!

Haya, hilo la "hawako Marekani". Kambi ile ya jeshi la Marekani, yenye gereza la washukiwa wa ugaidi, wameikodi kwa Cuba tangu 1903, na mkataba wa 1934 unasema hawatoki mpaka wote wawili wakubaliane, au wao wenyewe waihame. Kodi ni dola 4,085 kwa mwaka. Cuba inaletewa hundi, haiendi kuchukua hela. Mwenye nyumba hataki kodi, anataka mpangaji atoke, ila mpangaji ana bunduki. Bendera yao, askari wao, mpaka McDonald's imo. Ukiuliza haki za mfungwa tu, ndipo wanakumbuka kuwa ardhi ni ya Cuba.

Na kuna mijusi kule, iguana, mikubwa kama kenge. Ukimdhuru mmoja, sheria ya Marekani inaweza kukupiga faini ya dola 10,000. Mawakili wa wafungwa waliipeleka hoja hiyo mpaka Mahakama ya Juu kule Washington. Najua mtasema hiyo ni sheria ya Bunge, si katiba. Sawa. Lakini sheria iliyovuka bahari ikamkuta mjusi kichakani, ilishindwaje kufika kwenye seli ya jirani?

Juni 12, 2008, kesi ya mfungwa mmoja, Boumediene, majaji watano dhidi ya wanne wa Mahakama hiyo ya Juu waliamua kuwa hao hao wasio raia wana haki ya kikatiba ya kumuuliza jaji kwa nini wamefungwa. Jaji Kennedy akaandika kwamba serikali haiwezi kuiwasha na kuizima katiba inavyotaka. Msomi wetu wa barazani hilo hajalisikia.

Kinachoniudhi zaidi ni kilichofuata. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema haki hiyo haifiki gereza lao la Bagram, Afghanistan, kwa sababu pale ni vitani. Na walioshtaki walikuwa wanasema wamekamatwa nchi nyingine kabisa, wakapelekwa huko huko vitani! Yaani anayekukamata ndiye anayechagua ndege ikushushe wapi, na ikishakushusha, ndiyo ameshakukatia haki zako. Halafu mwaka 2023 mahakama hiyo hiyo, kikao kizima cha majaji, ikaulizwa kama wa Guantanamo wana haki ya kikatiba ya kutonyimwa uhuru bila kufuata utaratibu wa sheria. Wakalikwepa swali. Miaka 15 baada ya Boumediene!

Siwatetei magaidi. Agosti 1998 Nairobi na Dar watu wetu walikufa kwa mabomu kwenye balozi za Marekani. Lakini Ghailani, Mzanzibari aliyeshtakiwa kwa mabomu yale, alitolewa Guantanamo akapelekwa mahakama ya kiraia New York, akahukumiwa kifungo cha maisha. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Sasa mtu wetu. Februari 2007 Mkenya alikamatwa hapa hapa Mombasa. Machi yuko Guantanamo. Mwaka 2021 bodi yao wenyewe ya kupitia wafungwa ikasema anaweza kuondoka, akaachiwa Desemba 2024. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Mtoto aliyezaliwa wiki ile anachukuliwa, alikuwa anamalizia sekondari anarudi.

Na hapo wala si katiba ya Marekani peke yake. Alitoka mikononi mwa polisi wetu. Wanasheria mlioko humu, nielezeni: siku ile anapandishwa ndege, katiba ya Kenya ilikuwa imelala wapi? Maana yeye huku alikuwa RAIA.