Tupeane uzoefu: kompyuta ya mezani inazima ovyo, volti zimeyumba au ni nini?

Mkata_Video_Umoja

Wakuu, salamu. Mada hii ni ya wenye kompyuta za mezani zinazozima zenyewe, zinazogoma kuwaka asubuhi, au zinazojiwasha upya ukiwa katikati ya kazi ya mteja. Lete kisa chako, lakini uje na namba: mita ilisoma ngapi, kwenye waya gani, mashine ikifanya nini. Bila namba tutakuwa tunapiga umbea tu.

Naanza na changu. Mimi hukata video za harusi. Mashine yangu ilikuwa inashinda siku nzima nikipanga vipande, haina neno. Nikiiambia itoe video nzima, baada ya muda mfupi, giza. Hakuna skrini ya buluu, hakuna ujumbe, ni kama mtu amechomoa waya ukutani. Ushauri nilioupata mtaani ni ule ule: weka Windows upya, badilisha ramu, puliza vumbi. Vumbi nilipuliza, nikahakikisha prosesa haichemki. Ikabaki pawa saplai, lile boksi linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta.

Nilipima mashine ikiwaka, na hapo ndipo wengi hukosea. Mita niliiweka kwenye DC (umeme usiogeuka mwelekeo, ule wa ndani ya kompyuta), alama ya 20. Ncha nyeusi niliiingiza kwenye tundu la waya mweusi wa ile plagi ya pini nne iliyokuwa haitumiki. Ncha nyekundu niliipenyeza kwa nyuma ya plagi kubwa ya pini 24, ubavuni mwa waya wa manjano, mpaka ikagusa chuma. Mashine ikiwa imetulia: 11.86. Nikaanza kutoa video: 11.52. Feni zikapanda kelele: 11.31, halafu giza.

Waya wa manjano ni wa volti 12, na kiwango kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani kati ya 11.40 na 12.60. Mwekundu ni wa volti 5, usishuke chini ya 4.75 wala kupita 5.25. Wa chungwa ni 3.3, kati ya 3.14 na 3.47. Yangu ilionekana nzima ikiwa haina kazi, ikianguka ikibebeshwa mzigo. Niliyonunua baadaye inasoma 12.08 ikitulia na 12.02 ikikata video. Ongezeni.

Mama_Saiba

Mimi nina saiba Githurai, na kisa changu kinafanana na cha wengi wenye biashara hii. Mashine moja ilikuwa haiwaki asubuhi. Unabonyeza, kimya. Ukiiacha imechomekwa kwa muda ukarudi kubonyeza tena, inawaka, na ikishawaka inafanya kazi mpaka usiku bila shida. Kijana wangu akasema swichi ya kubonyezea imekufa. Tukaigusanisha pini za swichi kwa bisibisi, bado kimya.

Fundi alipokuja hakushika swichi kabisa. Alipima waya wa zambarau mashine ikiwa imezimwa lakini imechomekwa. Huo ndio wa volti 5 za kusubiri, unaokaa na umeme hata kompyuta ikiwa imelala. Ulikuwa 4.3. Akanieleza kwamba sehemu hiyo ya pawa saplai haipumziki: mradi soketi iko on, inafanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo kapasita zake, vile vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme, huchoka mapema. Tangu siku hiyo tukifunga nazima soketi ukutani, zote.

Mpita_Njia

Kwa nini mnajisumbua hivyo? Chomoa pawa saplai, unganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi. Feni ikizunguka, ni nzima. Mwisho.

Mkata_Video_Umoja

Mpita Njia, hapo sikubaliani nawe. Klipu inakuambia tu kwamba haijafa. Ile yangu iliyokuwa ikizima ingepita mtihani huo bila wasiwasi, maana feni haihitaji umeme wa maana. Mgonjwa aliyelala kitandani hapimwi nguvu zake, mbebeshe ndoo ya maji ndiyo ujue.

Fundi_wa_Solda

Nimekuwa nikitengeneza hizi karibu na barabara ya Luthuli, Nairobi, kwa miaka mingi, nitaleta cha mteja. Alipata mashine ya zamani iliyotoka Marekani. Nyuma ya pawa saplai kulikuwa na kile kiswichi chekundu kidogo cha kutelezesha, kimeandikwa 115. Aliichomeka kwake Kayole. Mlio wa bunduki, moshi, na harufu ile ambayo haitoki kwenye pazia.

Niwaeleze sababu, kwa kuwa watu hudhani ni bahati mbaya tu. Swichi ikiwa kwenye 115, saketi ya ndani huongeza volti mara mbili, ili umeme wa Marekani ufikie kiwango cha kufanyia kazi. Hapa kwetu ukutani ni 240, ambayo ikigeuzwa kuwa DC ni kama 340. Izidishe mara mbili, ni 680. Ndani kuna kapasita mbili kubwa za volti 200 kila moja. Zitasalimika wapi? Kinyume chake hakina madhara: iliyowekwa 230 ukaichomeka kwenye umeme wa 115 haiwaki tu.

Na tafadhali msifungue lile boksi lenyewe kama si kazi yenu. Hizo kapasita hubaki na volti za kutosha kukurusha hata baada ya kuchomoa waya. Pimeni kwenye plagi, inatosha.

Kijana_Rongai

Programu ya kusoma joto iliniambia volti 12 zangu ni 7.9. Sikulala. Mita ikasema 12.1. Kihisio cha kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) kilikuwa kinasomwa vibaya na ile programu, basi.

Fundi_wa_Solda

Kijana, ingekuwa kweli 7.9 hata hiyo programu usingeifungua.

Dada_Pipeline

Changu hakikuwa ndani ya kompyuta. Niliunguza pawa saplai, na fundi akaweka nyingine. Nayo ikafa. Akaniuliza swali moja: friji ya jirani ikiwaka, taa zako hufifia au huongezeka mwanga? Nikamwambia huongezeka, tena jioni mpaka balbu zinapasuka. Akakunja mita, akasema hakuna haja ya kuuza nyingine mpaka fundi wa stima aangalie jengo.

Ilikuwa nyutro, waya wa kurudishia umeme, imelegea kwenye boksi la chini. Ghorofa yetu inapokea laini tatu, na kati ya laini moja na nyingine kuna volti 415. Nyutro ikilegea, nyumba zinaanza kugawana hizo 415 kulingana na nani amewasha nini. Mwenye vitu vichache ndiye anayepata volti nyingi. Soketi yangu ilisoma 291 usiku ule. Caretaker alikuwa ametuambia ni vifaa vyetu vya bei rahisi! Waya ulikazwa, ikarudi 238, na kompyuta iko mpaka leo.

Kwa wale wanaotaka kupima ukutani: mita iwe kwenye AC (umeme wa ukutani), alama ya 750, vidole nyuma ya kingo za ncha. Kama huna uhakika, mwachie fundi.

Baba_Wawili

Nyongeza fupi kwa wanaonunua mashine ndogo za ofisi, zile nyembamba zilizotumika ng'ambo. Nyingi pawa saplai zake si za kawaida. Baadhi hazina hata waya mwekundu wala wa chungwa, ni volti 12 tu, zingine mazabodi hujitengenezea yenyewe. Nenda dukani na ile iliyoharibika mkononi, usiende na maelezo ya mdomo.

Na saa ikirudi nyuma kila ukizima soketi, usinunue pawa saplai. Ni ile betri bapa ya CR2032. Mpya ni volti 3 na kidogo, yangu ilikuwa 2.4.

Mama_Saiba

Swali kwa mafundi. Hizi mita za njano za bei ya chini zinafaa, au tunadanganyana?

Fundi_wa_Solda

Zinafaa, mama. Haitaona volti ikidondoka kwa kufumba na kufumbua, hiyo inataka kifaa kingine, lakini kwa haya tuliyosema inatosha. Waya mwekundu wa mita uwe kwenye tundu la V, si lile la 10A la kupimia mkondo, la sivyo utaunganisha volti 12 na waya mweusi moja kwa moja na utaona cheche.

Kuna jingine. Betri ya hizo mita ikichoka, namba hupanda. Ukiona manjano inasoma 13.0 na nyekundu 5.4, zote zimepanda kwa kiasi kimoja, pima kwanza betri mpya ya aina ya AA. Ikikuambia ina 1.7, badilisha betri ya mita, kompyuta iache.