Kompyuta za shule zinazokataa Windows 11: tuuze chuma chakavu au tutie Linux?

Mleta mada: Wakuu, Windows 10 ilifikia ukomo wa msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta), na kwa Intel inataka prosesa za kuanzia kizazi cha nane. Shule ninayoihudumia ina kompyuta 20 za mtumba, zote kizazi cha nne. Bodi inataka mpya. Mimi nasema tutie SSD (diski ya kasi) na Linux Mint (mfumo endeshi wa bure badala ya Windows), zipige mzigo. Tena tusidanganyane, Windows zilizomo humo ni za kukraki, kwa hiyo asije mtu na hoja ya "tulishalipia".

Mwenye steshenari: Mkuu, mimi nilihamia Linux. Wiki ya kwanza tu kaja dada na CV kwenye flashi, kurasa mbili. Naifungua kwa LibreOffice (mbadala wa bure wa Microsoft Office), kurasa tatu! Mdhamini wa mwisho kaangukia ukurasa wa tatu peke yake. Kumbe kompyuta haikuwa na fonti ya Calibri. Nikaweka Carlito, ambayo vipimo vyake ni vilevile, ikakaa sawa. Lakini dada alishachomoa flashi yake kaenda duka la jirani. Jiji la Munich, Ujerumani, walihamisha kompyuta kama 15,000 kwenda Linux, na mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Sembuse sisi?

Mleta mada: Pole kwa mteja. Ila Munich isiwe fimbo ya kuchapia kila mtu. Hukohuko Ujerumani, jimbo la Schleswig-Holstein mwaka 2024 liliamua kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000 kwenda Linux. Na Gendarmerie (polisi wa kijeshi) ya Ufaransa haikukurupuka: 2005 ilianza na OpenOffice (ndugu wa LibreOffice) ndani ya Windows ileile, ikafuata Firefox ya kuperuzi intaneti, Ubuntu (aina ya Linux) ikaja 2008. Watu walishazoea programu, kilichobadilika ni kilicho chini yake. Nami nitaanza na LibreOffice muhula huu, Mint muhula ujao. Mhasibu anunuliwe mashine yake mpya. Programu yake ya mishahara ni ya Windows tu, sina ubishi hapo.

Mwalimu wa zamu: Fundi, mpango nimeuelewa. Swali langu dogo: shuleni kwetu aliyetuwekea Linux alihamia mkoa mwingine, na nywila ya kusakinishia programu akaondoka nayo kichwani. Printa mpya imekaa kwenye boksi tangu Februari. Wewe ukihama, nani anabaki na nywila?