Tupeane uzoefu: kuzeeka wawili nyumba moja

Mama Riziki, Bukavu
Jumapili parokiani wametangaza jubile ya miaka 50 ya ndoa, nikakumbuka kwamba harusi tunaijua kuiandaa, lakini kuzeeka pamoja kila mtu anajifunzia gizani. Wenye kujua, tupeane uzoefu: pesa, chakula, ugonjwa, makaratasi. Maombi tunayajua, leteni mambo ya mikono.

Naanza na hiyo jubile. Kwa Wakatoliki si ndoa mpya, ni baraka na kurudia ahadi. Padri anaweza kutaka kuona jina lenu katika kitabu cha parokia mlikofungia ndoa. Kama ni Walungu au Kabare na sasa mnaishi mjini, tumeni mtu akatafute mapema, msingoje wiki ya sherehe. Na pete ya zamani ikibana kidole kilichovimba, msivute kwa nguvu. Mkono uinuliwe juu dakika chache, utiwe maji baridi, kisha sabuni, pete izungushwe polepole kuelekea kwenye kucha. Kidole kikianza kuwa buluu, ikatwe haraka. Fundi wa dhahabu ataiunga.

Mwuguzi wa Kampemba, Lubumbashi
Asante mama. Mimi nasema juu ya mmoja akipigwa na kiharusi, kwa sababu hapo ndipo mapendo ya wazee yanapimwa kwa kazi ya kila siku, na wengi wanaumizana kwa kutojua.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, usiku pia. Ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto. Kila ukigeuza tazama matako, nyonga na visigino. Ukiona wekundu, au kwa ngozi nyeusi sana mahali penye rangi tofauti na joto, bonyeza kwa kidole. Pasipobadilika rangi, kidonda kimeshaanza chini ya ngozi, mahali hapo pasilaliwe tena mpaka papone. Msipakandekande kwa nguvu mkidhani mnaamsha damu, mnamalizia kupasua.

Kumgeuza, usimvute mkono. Bega la upande uliolegea halina misuli ya kulishika, linatoka mahali pake na maumivu yake hayaishi. Kunja kitenge mara mbili, kilale chini yake toka mabegani mpaka mapajani. Kunja goti lake la mbali, kunja kidogo magoti yako wewe, kisha vuta kitenge polepole kuja kwako. Mama mwenye kilo 50 anaweza kumgeuza baba mwenye kilo 80 namna hiyo bila kuharibu mgongo. Kati ya magoti weka mto, chini ya miguu, juu kidogo ya visigino, weka kitambaa kilichokunjwa ili visigino vielee, visiguse godoro.

Chakula: aketi wima, kidevu kiinamie kifua kidogo, kijiko kidogo, upande wa mdomo wenye nguvu. Kwa wengi uji mzito ni salama kuliko maji matupu, maji yanakimbilia kwenye mapafu. Akimaliza, pitisha kidole kilichofungwa kitambaa safi ndani ya shavu lililolegea, chakula hujificha humo. Asilazwe kabla ya nusu saa.

Na yule anayehudumia alale. Mtoto, jirani, mtu wa kanisa ashike zamu hata usiku mmoja kwa wiki. Nyumba nyingi zinampoteza aliyekuwa mzima kwanza.

Baba Espoir, Goma
Hapo kwa bega umesema kweli kabisa.

Mama wa Katuba, Lubumbashi
Mnasema ya ugonjwa. Acheni niseme ya hapa avenue yetu, yamenichoma moyo. Wazee wameishi pamoja toka ujana wao, watoto sita, baba alikuwa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, akatoka katika ule mpango wa départ volontaire (kuacha kazi kwa hiari na kulipwa) wa 2003. Pesa ile ilipoisha, mama ndiye aliyeinua nyumba: shamba la mahindi nje ya mji, kuuza makala (mkaa) mbele ya mlango, nyanya sokoni. Baba akalala kitandani mwaka mzima, mama akamwosha na kumlisha. Siku ya tatu baada ya maziko, ndugu za marehemu wakaja na kufuli. Wakachukua mbabula (majiko ya mkaa) mbili, mashine ya kushona, godoro, na foto ya ukutani ya wote wawili. Mama alipouliza, wakamjibu: "Leta karatasi ya ndoa." Hana. Mahari ilitolewa kijijini, ana cheti cha kanisa tu, na kiwanja kiko katika jina la baba. Sasa analala kwa binti yake katika komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi.

Yaya Kamalondo
Ee Mungu! Siku ya tatu?

Mama Riziki
Watoto sita walikuwa wapi?

Mama wa Katuba
Wawili wako Kolwezi, mmoja Likasi. Aliyekuwepo ni binti, wakamwambia mwanamke hasemi.

Baba Espoir
Cheti cha kanisa ni ndoa mbele ya Mungu. Nani ana ruhusa ya kuikataa?

Karani, Lubumbashi
Baba, kwa heshima, maneno hayo ndiyo yanayowaacha wajane barabarani. Kanisa ni kanisa. Kwa sheria ya Kongo, ndoa ni ile ya mbele ya ofisa wa etasivili (anayeandikisha ndoa na vizazi komini), au ya kifamilia ambayo baadaye inaandikishwa kwake. Kodi ya familia, yaani kitabu cha sheria za familia, ya 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inataka ndoa ya kifamilia iandikishwe ndani ya mwezi mmoja. Isipoandikishwa haiwi batili, lakini watu wengine hawalazimiki kuitambua. Ndiyo mlango walioingilia hao mashemeji.

Baba Espoir
Kwa hiyo Mungu anangoja muhuri wa komini?

Karani
Mungu hangoji. Hakimu anangoja. Tumsaidie mama kwanza, ubishi baadaye.

Hajapoteza. Sheria inajua pia hali ya kuishi kama mume na mke: waliitana hivyo, familia zote mbili ziliwatambua hivyo, mtaa pia. Aende tribinali ya amani (mahakama ya chini) na mashahidi wa mahari, mmoja wa upande wake, mmoja wa upande wa marehemu kama yupo mwenye roho safi. Abebe cheti cha kanisa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye majina ya wazazi wote wawili, karatasi za Gécamines zilizomwandika kama mke (kampuni iliandika wake na watoto kwa ajili ya posho na hospitali, wengi wanasahau), kadi za matibabu, foto.

Halafu mjue hesabu. Kama hamkuchagua kitu siku ya ndoa, sheria inawapa mpango wa mali iliyopatikana pamoja: kilichonunuliwa ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Mmoja akifa, kwanza nusu ya mwenzake inatoka pembeni, hiyo si urithi. Nusu ya marehemu ndiyo inagawanywa: robo tatu kwa watoto, robo kwa makundi matatu: mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Juu ya hayo, aliyebaki ana haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake. Shemeji mwenye kufuli hana kifungu kinachomruhusu kufunga.

Mama Riziki
Hiki ndicho kilichotakiwa kusomwa mimbarani.

Yaya Kamalondo
Ndiyo maana nasema kila mmoja na bahasha yake. Pesa ya mama katika AVEC (kikundi cha kuweka na kukopa), ya baba katika likelemba (mchango wa kupokezana), kila mmoja anajua siri zake.

Mama Riziki
Siri hapana, yaya. Vikundi viwili sawa, siri hapana. Shida inakuja wote wawili mkikopa bila kuambizana, na malipo yote yakaangukia Septemba, wakati wajukuu wanadaiwa ada. Daftari moja la kurasa nne linatosha: kilichoingia, kilichotoka, deni la nani, siku ya kulipa. Hata sanduku la AVEC lina kufuli tatu kwa watu watatu, na bado wanahesabu pesa mbele ya wote.

Yaya Kamalondo
Daftari likikutwa na shemeji je?

Mama Riziki
Likutwe! Liwe ushahidi kwamba mama alichangia.

Baba Espoir
Nakubali hilo. Nami naongeza la Goma. Wazee wawili muwe na mfuko mmoja tayari. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, lava ya mlima Nyiragongo iliposhuka kuelekea Buhene, pembeni ya mji, kulikuwa na wazee walioondoka bila dawa ya presha. Ndani ya mfuko: dawa za wiki mbili, karatasi ya daktari, miwani, kopi ya akti ya ndoa na ya kiwanja katika plastiki mbili, namba za simu za watoto zilizoandikwa kwa kalamu, maana simu inazimika. Mpatane mapema nani anabeba mfuko na nani anashika mkono wa mwenzake.

Mwuguzi wa Kampemba
Vizuri sana. Mwenye kisukari aongeze sukari ndani ya mfuko huo. Akitetemeka na kutoka jasho, vijiko vitatu vidogo katika nusu glasi ya maji, mngoje robo saa, mrudie kama bado. Akizimia msimwagie kitu mdomoni, mbio hospitalini. Na makayabu (samaki wa chumvi) kwa mwenye presha, afadhali muache.

Baba Espoir
Mzee wa miaka 75 mnamnyima hata makayabu? Loweka usiku kucha, badilisha maji mara tatu, ale na mke wake.

Mwuguzi wa Kampemba
Chumvi inapungua, haiishi. Kipande kidogo, siku moja moja, na supu isitiwe chumvi nyingine.

Mama wa Katuba
Karani, nimemsomea mama yote, amelia. Shahidi wa mahari ni kaka yake, mzee sana, yuko Kasenga. Anaweza kutuma barua?

Karani
Aje mwenyewe kama miguu inaruhusu. Hakimu anaweza kumuuliza, barua haijibu maswali. Msingoje, maana kiwanja kikiuzwa mtakuwa na kesi mbili. Jumatatu asubuhi binti aende na mama, waanze kwa tribinali, halafu wapeleke kopi ya mashtaka kwa konservateri wa viwanja (ofisa wa hati za viwanja) ili ajue kuna mgogoro kabla hajabadilisha jina.