Naombeni ushauri: wanakikoba wenzangu nawafundisha manunuzi ya chakula, hawanielewi

BiMkubwa wa Chanika: Habari za jioni wanajamvi. Kikobani kwetu nimepewa jukumu la kufundisha manunuzi ya chakula cha nyumbani. Ni watu wazima, wengine wamenizidi umri. Unga nusu kilo, sukari robo, mafuta ya kupima, kila jioni wako kwa Mangi. Nimewapigia hesabu, wanaitikia "sawa mwalimu", kesho nawakuta palepale. Nifanyeje? Kikao ni Jumamosi, usingizi sipati.

Fundi Kombo: Dada, anayelipwa kwa siku hununua kwa siku. Mwambie aweke mia tano kila jioni, mwisho wa wiki anunue mafuta lita nzima. Gunia litakuja lenyewe.

Shangazi wa Mbagala: Wanawake wa sasa hawajui kubana matumizi. Marehemu mume wangu alikuwa akileta mchele wa Kyela, gunia zima. Ila wifi yangu alikuwa akichota usiku, kisado kwa kisado... basi tuyaache.

Dogo Tee: Wafundishe wageni kuaga kabla ya saa saba mchana 😂

mkulima_kongwa: Kwani Jumamosi kuna nini? Somo halina haraka hivyo.

BiMkubwa wa Chanika: Kuna mahindi soko la Kibaigwa, Dodoma. Nimeshatanguliza hela ya magunia.

mkulima_kongwa: Hela ya nani?

BiMkubwa wa Chanika: Ya kikoba. Lakini sijala hata senti! Sasa ni mavuno, bei iko chini. Ikifika Januari haohao watalia. Ningesubiri kikao, mzigo ungeshavuka kwenda Kenya.

Mzee wa Hoja: Chai hii. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na washika funguo watatu. Ulifunguaje peke yako? Mwishoni utatuwekea namba ya dalali tununue.

Dogo Tee: Nilijua tu 😂

BiMkubwa wa Chanika: Sijatunga. Wenzangu wawili walikubali, mmoja sasa anajikausha.

mkulima_kongwa: Mimi namwamini, msimu huu nawaona wengi wa hivi. Dada, usikubali lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, pima kwa mzani. Halafu tia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, hayajakauka, usipakie. Mahindi yenye unyevu ndiyo huota kuvu wanaotoa sumu, yaani sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Fundi Kombo: Hilo la chupa ndilo somo lenyewe, lifanye mbele yao. Ila kwanza waambie hela yao iko wapi.

Shangazi wa Mbagala: Mumeo anajua?

BiMkubwa wa Chanika: Nikiwaambia wakataka hela zirudi? Dalali nampigia tangu mchana, simu inaita tu.

mkulima_kongwa: Njoo PM na jina lake. Kesho asubuhi nipo sokoni.