Maboksi ya nyaraka za enzi za CDA yamefika maktaba ya chuo, tuanzie wapi?

Msaidizi_Dom
Wakuu, habari za kazi. Maktaba ya chuo chetu hapa Dodoma imepokea maboksi 12 kutoka kwa familia ya mzee mmoja aliyekuwa mpima ardhi enzi za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA). Kuna majalada, kopi za kaboni kwenye karatasi laini, michoro ya buluu iliyokunjwa, magazeti ya miaka ya 70, na bahasha mbili za picha na negativu. Vumbi jekundu kila mahali, pini zimeshika kutu, na boksi moja lina udongo wa mchwa. Mkuu wa kitengo anataka tupange kwa mwaka, tutoboe, tuweke kwenye faili mpya, kisha tuskani. Bajeti ndogo. Ushauri?

Masjala_Mkongwe
Msitoboe kitu, na msipange kwa mwaka. CDA imeundwa 1973, ikavunjwa 2017. Atakayekuja kusoma mambo haya atataka kujua barua ya kiwanja iliambatana na mchoro gani. Mkiichomoa barua mkaipeleka kwenye "1976", mchoro unabaki yatima. Mpangilio wa mzee uacheni kama ulivyo, hata ukionekana wa ovyo. Maboksi yapeni namba, piga picha kila moja likiwa wazi, andika kwenye rejesta ya mapokezi: tarehe, aliyeleta, hali, kilichomo kwa ufupi. Hati ya makabidhiano isainiwe sasa hivi, ioneshe nani ana haki ya kuruhusu kunakili. Ukisubiri mwaka, wanandugu watakuwa na maelezo matatu tofauti.

Boksi la mchwa litoke chumbani leo. Kagua nje, kivulini. Karatasi zenye dalili za wadudu zifunge kwenye nailoni nzito mara mbili, toa hewa, ziba, weka friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukizitoa, usifungue nailoni mpaka siku ya pili, la sivyo umande unatua kwenye karatasi yenyewe. Picha na negativu zisiingie friza. Katoni la zamani lichomwe.

Mama_Kabrasha
Naongeza kuhusu hilo vumbi, maana wengi wanaharibu hapo. Vumbi la Dodoma ni laini kama unga. Ukigusa kwa kitambaa kibichi linageuka tope na kuingia ndani ya karatasi, halitoki tena. Brashi laini kavu tu, ukifagia kutoka katikati kwenda pembeni, umevaa barakoa. Mashine ya kufyonza vumbi itumike kwenye rafu na sakafu, siyo juu ya karatasi.

Pini yenye kutu usiivute. Pitisha kipande chembamba cha plastiki kati ya pini na karatasi, juu na chini, ili kutu iachie, ndipo uisukume taratibu irudi ilikoingilia. Stepla geuza karatasi, inua miguu yake kwa nyuma kwa kisu butu. Kile kitoleo chenye meno cha ofisini kinachana karatasi kavu. Badala ya pini, kunja karatasi nyeupe ya A4 kama jalada dogo ushike kurasa zilizokuwa pamoja. Andika kwa penseli laini, si kalamu ya wino.

Kijana_wa_Nkuhungu
Wekeni dawa ya nondo kila boksi, na zile zilizochanika mpige laminesheni. Mbona rahisi?

Mama_Kabrasha
Hapana ndugu yangu. Laminesheni inayeyusha plastiki ndani ya karatasi kwa moto na haitoki. Selotepu nayo inaacha gundi ya kahawia. Dawa ya nondo inawaumiza watu wa chumbani, na mchwa anayetoka ardhini haimzuii. Kinachosaidia ni rafu za chuma, boksi la chini liwe sentimita 15 juu ya sakafu, rafu zisiguse ukuta wa nje, chakula kisiingie.

Michoro_na_Ramani
Hiyo michoro ya buluu ina hila yake. Jalada la kuhifadhia nyaraka likiwa na chokaa ndani, linafaa kwa magazeti, lakini buluu inafifia. Karatasi nyingi za kuchapia za siku hizi zina chokaa, kwa hiyo zitieni kati ya magazeti, si kwenye michoro. Michoro tumieni karatasi isiyo na asidi wala chokaa, mbali na mwanga.

Msiifungue kwa nguvu kiangazi. Mwezi Agosti karatasi ya hapa inakatika kwenye mkunjo. Subirini masika, au iwekeni juu ya wavu ndani ya beseni la plastiki lenye mfuniko, chini pana taulo bichi lisiloigusa. Angalieni kila saa. Ikilegea, ikunjueni, ikandamizeni kati ya karatasi za kunyonya maji na ubao mzito siku mbili. Tahadhari: penseli ya kopi (ile yenye rangi ya wino ndani) ikipata unyevu inageuka zambarau na kusambaa. Kagueni maandishi ya pembeni kwanza, mkiiona acheni.

Negativu zikinuka siki, zitenge zilivyo kwenye bahasha zake, mbali na nyingine. Zinaoza, na mvuke wake unaziambukiza jirani zake.

Msaidizi_Dom
Shukrani sana. Kuskani je? Na kuna majalada yenye namba za serikali.

Masjala_Mkongwe
Hayo ya serikali yatenge, uongozi wa chuo uwasiliane na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Yanaguswa na sheria ya kumbukumbu na nyaraka, Na. 3 ya 2002. Yenye majina ya wenye viwanja msiyaweke mtandaoni kabla ya mwanasheria kuyaona, kwani kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kuskani iwe mwisho, baada ya orodha kukamilika. Maandishi dpi 300 (nukta kwa inchi), picha 600, faili la TIFF, aina ya faili la picha lisilopunguza ubora. Ukurasa wa A4 wa rangi kwa dpi 300 ni kama MB 26, hivyo kurasa 10,000 ni GB 260, na mnahitaji nakala tatu. Nunueni diski kabla ya skana, moja ikae jengo lingine.