Naomba ushauri: nawezaje kuuliza kuhusu degedege bila kumlaumu mama?

Habari zenu ndugu zangu. Nafanya utafiti wa anthropolojia huku Newala, jinsi matangazo ya afya ya redio yanavyopokelewa vijijini. Nimekwama kwenye neno moja tu, degedege, ile hali ya mtoto kukakamaa na kutetemeka, ambayo hospitalini mara nyingi huhusishwa na homa kali kama ya malaria. Juzi nimekaa barazani na bibi mmoja, redio iko pembeni ya ungo wa makopa, likapita tangazo la malaria. Akaniambia taratibu, "Hiyo homa ya mbu, mwanangu. Degedege ni kitu kingine." Yaani tangazo kalisikia lote na kalielewa vizuri, ila kwake halikuhusu degedege.

Charles Briggs na Clara Mantini-Briggs, waliochunguza kipindupindu cha 1992 na 1993 Delta Amacuro, Venezuela, walionyesha Wawarao, wenyeji wa asili wa huko, walivyobebeshwa lawama kwa sababu ya mila zao. Naogopa mno kuwafanyia hivyo kina mama wa huku, ambao zahanati wanaifuata kwa miguu, mtoto mgongoni.

Naombeni ushauri, hasa mnaojua Kimakonde: mahojiano niyafanye kwa lugha ipi? Mkalimani ninaye, lakini ni mhudumu wa afya, na mbele yake watu wananijibu maneno yaleyale ya redio. Nimbadilishe?